Barabara Niliyowajengea Nyuki

Jumatatu, 6 Mei

Mwaka mmoja na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma. Viganja vimekuwa kama gamba la mti. Bado niko kwenye shamba hili la matikiti, nalimia tumbo la mtu mwingine. Lakini leo ni siku kubwa!

Nianze na habari za kwangu. Nilipoondoka mke wangu alikuwa mjamzito. Sasa mtoto anatembea. Sijamwona hata siku moja, na yeye ananijua kwa sauti tu. Jana mke wangu kanipigia, anacheka hajiwezi. Eti binti yangu kaikuta simu mezani, kaiita baba, kaipakata, kailisha ndizi. Nikacheka na mimi. Halafu nikaacha kucheka. Simu yenyewe ina kioo kilichopasuka na betri imefungwa kwa mpira. Mimi nina sura ya mtu!

Kwa hiyo lazima nipate likizo kabla mtoto hajazoea. Ila Nyapara, yaani msimamizi wetu, alishasema hakuna kwenda popote mpaka mavuno. Na mavuno hayaonekani, maana matikiti hayashiki. Maua yanachanua vizuri, vitoto vinatoka saizi ya kidole gumba, kisha vinageuka njano na kudondoka. Bi Mkubwa, mwenye shamba, ameleta masanduku ya nyuki wayahudumie maua. Si wale nyuki wakali. Ni wadogo, weusi, hawaumi, kama sisimizi aliyeota mabawa. Masanduku yamewekwa ukingoni mwa shamba. Kila asubuhi nyuki wanatoka, wanayapa matikiti mgongo kama mtu aliyegombana na shemeji yake, wanakwenda upande wa pili, kwenye mmea mtambaazi wa maua ya zambarau uliofunika uzio nyuma ya ofisi ya Nyapara. Huko wanashinda mpaka jioni.

Leo wakati wa chakula Bi Mkubwa akasimama mbele yetu. Akasema anaweza kumwachia mtu mmoja tu aende likizo kabla ya mavuno, na mtu huyo ni yule atakayewafanya nyuki waingie kwenye matikiti. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza nyuki wanaitwa kwa jina la baba au la mama.

Mimi sikucheka. Nikamtazama Twiga. Twiga naye hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Twiga ni mtu wa kwetu, kijiji cha jirani. Analala kitanda cha juu yangu na miguu yake inaning'inia mbele ya pua yangu. Ana nywele nyingi anazozipaka mafuta na kuzichana kama bwana harusi. Mimi wananiita Injinia. Nilifanya kazi ya barabara miaka mitatu, nikishika ncha ya kamba ya kupimia. Ncha ya pili alishika injinia mwenyewe. Kwa hiyo kati yangu na elimu ilikuwepo kamba tu.

Twiga hana kamba. Amekwisha.

Jumanne, 7 Mei

Ushindi wa kwanza! Nimepata siri ya nyuki na sijamlipa mtu.

Asubuhi alikuja Mtaalamu, yule dada aliyeleta masanduku. Nikachukua ufagio. Nilifagia pale alipokuwa anaongea na Bi Mkubwa mpaka ardhi ikaanza kung'aa. Nyapara akapita, akauliza tangu lini tunafagia shamba. Nikamwambia usafi ni nusu ya kazi. Akaondoka anatikisa kichwa.

Hivi ndivyo Mtaalamu alivyosema. Nyuki hawa wadogo kila aina ina mtindo wake wa kupashana habari. Mmoja akipata chakula, anarudi ndani ya sanduku kama mtu aliyeokota bahati. Anakimbia huku na huku, anawagonga wenzake, anavuma, anawaonjesha alicholeta. Wenzake wanapandwa na moyo wa kutoka. Sasa watajuaje pa kwenda? Hapo ndipo ufagio wangu ulipotulia. Akasema aina hii tuliyo nayo huweka alama. Aliyepata chakula, akiwa njiani kurudi nyumbani, anatua juu ya jani au jiwe, anapaka kitone cha harufu kutoka mdomoni, anaruka kidogo, anatua tena, anapaka tena. Wenzake wanafuata vitone. Akaongeza kwamba harufu haikai, lazima ipakwe upya. Tena wapo nyuki wengine wezi, wananusa alama za wenzao na kwenda kuwapora chakula.

Moyoni nikasema: huyo ni Twiga.

Bi Mkubwa akauliza mbona basi hawaendi kwenye matikiti. Mtaalamu akasema hawana sababu ya kuhama wakati wana karamu palepale kwenye uzio. Maneno hayo ya mwisho sikuyatilia maanani. Ya muhimu nilikuwa nimeshayapata: nyuki hawaendi mahali kwa sababu wana akili. Wanakwenda kwa sababu kuna barabara!

Na barabara ni kazi ya nani hapa duniani?

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya upimaji. Saa ya mapumziko nililala kifudifudi kati ya masanduku na ule mtambaazi, nikawavizia. Ni kweli tupu! Nyuki anatoka kwenye maua, anatua juu ya jani la kichaka, anafuta mdomo kama mzee aliyemaliza kunywa supu, anaondoka, anatua mbele. Kila aliyetua niliweka alama kwa uzi mwekundu. Mtu akapita akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia niko kazini.

Mpango wangu ni huu. Kama harufu iko juu ya majani, na majani yako kwenye matawi, na matawi yanakatika, basi barabara inahamishika. Nakata matawi yenye alama, nayachomeka kwenye njia mpya kuelekea matikiti. Rahisi kama kumsukuma mlevi!

Jioni baada ya kazi nikaanza ujenzi. Niliomba kamba na vigingi kutoka stoo, nikasema ni vya kunyooshea mistari ya matikiti, na kwa kweli sikudanganya sana. Nikaanza pale masandukuni, kama kazi yoyote ya barabara inavyoanzia kambini. Nikapiga kigingi, nikavuta kamba, nikapiga kigingi. Barabara imenyooka kama fimbo ya mwalimu. Matawi mabichi, yenye majani mengi na alama nyingi, nikayachomeka pale mwanzo, karibu na sanduku, maana mwanzo wa barabara ndio unaomvuta msafiri. Kadiri nilivyokwenda mbele matawi yakapungua, nikayachomeka machache machache. Kule kwenye matikiti likafika moja, limenyauka kidogo. Haidhuru. Mtu akishaingia barabarani hageuki.

Matawi ya ziada niliyaegemeza kwenye dirisha la ofisi ya Nyapara, yasikanyagwe.

Twiga alipita na jembe begani. Akasema Injinia, unapanda kuni? Nikamwambia kila mtu avune alichopanda. Hakuwa na jibu. Alikuwa nalo, lakini halifai kuandikwa.

Alhamisi, 9 Mei

Uzinduzi wa barabara. Ushindi, kwa kiasi fulani.

Jua lilipopanda nyuki wakaanza kutoka. Wakaziona alama zangu! Wakazinusa! Nilitaka kupiga vigelegele, lakini mimi ni mwanamume mtu mzima. Wakazunguka kwenye matawi yale ya kwanza. Wakazunguka. Wakazidi kuzunguka. Kundi zima likawa linasaga hapohapo mlangoni mwao, kama watu waliofika kwenye msiba na kukuta hakuna msiba. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye tawi la tatu.

Kisha kundi jingine likagundua matawi ya ziada.

Mimi nilisikia kelele tu. Nyapara alikuwa ofisini, dirisha liko wazi, anakunywa chai. Nyuki hawa hawaumi, hilo ni kweli, ila wanapenda kuingia kwenye nywele na kung'ata kwa vidomo vyao. Na Nyapara ana ndevu. Alitoka mbio anajipiga makofi, akakata kona ya ofisi, akamwaga chai, akamwita mama yake aliyefariki. Ndevu zilikuwa zinatembea zenyewe.

Mimi nina upara. Walikuja, wakatua, wakatazama huku na huku, wakaondoka. Wanasema akili ni nywele. Leo nimewaonyesha!

Nyapara aliuliza nani kaweka matawi dirishani. Watu wote wakatazama angani kana kwamba kuna ndege. Twiga akakohoa. Akakohoa tena. Akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye haoni vizuri jioni lakini alimwona mtu mwenye upara.

Sijali. La maana limethibitika: nyuki wanaongozeka. Leo wameongozwa mpaka ndani ya ndevu. Kesho wataongozwa mpaka ndani ya matikiti.

Ijumaa, 10 Mei

Mtaalamu alikuja kumwangalia Nyapara uso. Akaiona barabara yangu. Akafuata kamba kutoka kigingi hadi kigingi, mkono mmoja mdomoni. Nilidhani anataka kulia kwa heshima. Alikuwa anazuia kicheko.

Akaniita, akaniambia kwa upole: kaka, umeijenga kinyumenyume. Nyuki hajengi kuanzia nyumbani. Anajenga kuanzia kwenye chakula, anarudi nayo kwao. Pale chakula kilipo ndipo anapopaka sana. Wewe harufu nyingi umeiweka mlangoni, kwa hiyo umewaambia nyuki chakula kiko mlangoni. Wametoka, wamefika, hawakuona kitu. Tena matawi yenyewe yalilala usiku kucha, harufu imebaki kidogo.

Nilikaa nikafikiri. Barabara inayoanzia mwisho! Miaka mitatu nimeshika kamba, sijaona. Lakini fundi hakasiriki, anarekebisha. Kwa nini mzee mzima aone haya? Niligeuza tu. Saa ya mapumziko nikakata matawi mapya, mabichi, moto moto, mzigo mkubwa. Nikauweka kando ya matikiti. Nikaenda kunywa maji.

Niliporudi, mzigo haupo!

Mwizi wa alama! Mtaalamu alinionya. Nikatazama, namwona Twiga kule mbali, kabeba mzigo wangu begani, anaupeleka kwenye mistari ya matikiti anayopalilia yeye, ili nyuki waende kwake na likizo iwe yake. Sikumkimbiza. Sikuwa na haja. Mzigo ulikuwa begani, bega liko chini ya kichwa, na kichwa kina zile nywele za bwana harusi, zimepakwa mafuta.

Nyuki wakamfuata kwa mpangilio mzuri sana. Nilijivunia, kama mwalimu anayewaona wanafunzi wake kwenye gwaride.

Twiga akatupa mzigo. Akatupa jembe. Akatupa na shati. Akajichovya kichwa kwenye pipa la maji na kukaa humo mpaka nikaanza kumhurumia. Jioni alikaa kitandani, mwenzetu mmoja anamchambua nywele nyuki mmoja mmoja kwa kitana. Akaniambia mimi ni mchawi. Nikamwambia mimi ni injinia. Akasema hajui tofauti.

Nilipolala miguu yake haikuning'inia. Ushindi!

Jumapili, 12 Mei

Nyumbani wamepiga. Mke wangu alinieleza kwamba mtoto sasa anakimbia, na akisikia mlango unagongwa anakwenda kufungua. Akifungua anatazama juu, kwa mgeni, kisha anarudi kucheza. Nilimuuliza anatazama nini. Mke wangu akasema, atakuwa anatafuta mtu, mimi nitajuaje.

Nilimweleza kuhusu barabara. Alisikiliza vizuri. Mke wangu ni msikivu. Halafu akaniuliza kama nimewahi kumwendea Bi Mkubwa na kumwambia tu kwamba nina mtoto nisiyemjua, naomba niende nikamwone.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wanawake! Kuomba! Mtu mwenye mpango aombe!

Mchana nilijaribu njia ya mkato. Nilichukua sukari jikoni, nikaikoroga na maji kwenye kisahani, nikakiweka karibu na sanduku. Wakaja. Nikasogeza kisahani kidogo, wakaja. Nikasogeza tena. Nilitambaa hivyo na kisahani changu shamba zima, magoti yote mawili yamechubuka, nyuki wananifuata kama kuku. Nilikifikisha katikati ya matikiti! Maua ya njano kila upande! Wakanywa sukari. Wakashiba. Wakarudi kwao, wakawaita wenzao, wakaja jeshi zima, wakanywa sukari, wakarudi. Ua lenyewe hakuna aliyelitazama. Kwa nini wahangaike na ua na wana sukari kwenye sahani?

Kisha wakaja siafu. Lakini nyuki walifika ndani ya matikiti, hilo hakuna atakayelikana. Nimeshinda kwa miguu, bado kwa midomo.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeonewa. Mpishi amegundua sukari imepungua. Nyapara naye uso umeshuka uvimbe na akili imemrudia. Amejumlisha matawi, ndevu, sukari, akapata jibu.

Adhabu: niukate ule mtambaazi wa zambarau kwenye uzio wote, mpaka chini, usibaki hata ua moja la kumletea nyuki dirishani. Peke yangu. Kwa panga butu.

Nilimweleza kwamba nina mradi muhimu. Akasema mradi wangu ni huo.

Siku nzima nimekata. Matawi yana miiba. Ukivuta huku yanakushika kule, kama jamaa wanaokuaga. Nyuki walikuwa wengi sana juu ya maua, niliwapeperusha kwa kofia. Waliponitazama niliona haya kidogo. Twiga alipita mara tatu, kila mara anaimba. Ana nywele fupi siku hizi. Amezikata zote. Nilimwambia zimempendeza, akaacha kuimba.

Jua linazama uzio umebaki waya mtupu. Mikono haishiki kalamu. Naandika hivyo hivyo.

Kitu kimoja kinanifariji. Kabla ya adhabu, alfajiri, niliwahi kuichomeka upya barabara yangu, safari hii kuanzia kwenye matikiti kurudi masandukuni. Ipo, inasubiri. Kazi njema haiozi.

Jumatano, 15 Mei

USHINDI! USHINDI MKUBWA!

Jana nyuki walizubaa tu. Walitoka wakarudi, wakatoka wakarudi. Leo asubuhi nilipita kwenye matikiti kumwagilia na nikasikia sauti ndogo, kama mtu anachemsha birika mbali. Nikainama. Kila ua lina nyuki! Wamejaa chavua miguuni, wamekuwa wa njano. Wanaingia, wanatoka, wanatua juu ya majani, wanafuta midomo, wanarudi kwao. Na wengine wanakuja kwa mstari. Kwa mstari! Mstari wenyewe hauendi sambamba na kamba yangu, unapita kando, mbali kidogo, juu ya mfereji. Lakini mwelekeo ni uleule. Barabara kubwa huwa na vichochoro.

Nimekaa chini nimefikiri kwa nini imefanya kazi leo na si siku ile. Jibu nimelipata, ni elimu ya barabara tupu. Zege! Ukimwaga zege leo hulipitishii lori leo. Lazima likae, lishike. Na harufu ya nyuki ni hivyohivyo. Nimemwambia Mtaalamu harufu haififii, inakomaa.

Mtaalamu aliutazama uzio mtupu. Akanitazama mimi. Akautazama uzio. Akaniuliza nani kaukata ule mtambaazi na lini. Nikamwambia ni mimi, juzi, lakini hayo ni mambo ya nidhamu, hayahusiani na sayansi. Akaniambia kwamba nyuki walipokosa karamu yao walitawanyika kutafuta, mmoja wao akayaona matikiti, akarudi akawaambia wenzake, basi. Wameijenga njia yao wenyewe.

Wasomi hawapendi kushindwa. Sikubishana naye. Nilimpa mkono.

Bi Mkubwa ameitwa. Anakuja Ijumaa.

Ijumaa, 17 Mei

Bi Mkubwa alikuja na viatu vya shambani. Alitembea mistari yote. Vitoto vya matikiti vimeanza kunenepa, havidondoki. Mtaalamu akamweleza habari za uzio. Nyapara akaruka akasema basi ushindi ni wake, maana yeye ndiye aliyeamuru kukata. Bi Mkubwa akamjibu kwamba aliamuru kwa ajili ya ndevu zake, si kwa ajili ya matikiti. Watu wakacheka mpaka Nyapara naye akacheka. Kisha Bi Mkubwa akasema ahadi ni ahadi. Iwe ni kamba, iwe ni panga, mikono iliyofanya ni yangu. Likizo ni yangu! Gari la shamba linaondoka kesho asubuhi kwenda stendi.

Nilipigiwa makofi. Twiga alipiga pia, taratibu, kama mtu anayeua mbu.

Hapo nilitakiwa kushukuru na kunyamaza. Watu wa kawaida ndivyo wanavyofanya. Lakini Bi Mkubwa alikuwa bado anatabasamu, na mtu akikutabasamia huwezi kumwacha mikono mitupu. Nikamwambia hii ni kazi ndogo. Nikamwambia kule ng'ambo ya mfereji, kwenye yale matikiti ya chini ambako hata uzio hakuna, mimi kwa kamba yangu na vigingi vyangu nawafikisha nyuki ndani ya wiki moja.

Mtaalamu alinivuta shati. Akaninong'oneza: kaka, chukua likizo yako, nenda nyumbani. Maskini! Wivu ukimwingia mtu hata sauti inabadilika.

Bi Mkubwa akauliza kama nina hakika. Nikamwambia bila mimi haiwezekani. Akauliza kama hakuna mwingine wa kufundishwa. Nikamwambia barabara si kitu cha kufundishwa, ni kipaji.

Akafikiri. Akasema kama ni hivyo, nisiondoke kwanza. Matikiti ya chini yanachanua sasa hivi na maua hayasubiri mtu. Niyashughulikie, kisha nitakwenda. Nafasi ya kesho apewe mtu ambaye kukosekana kwake hakutaharibu kitu. Akamwangalia Nyapara. Nyapara akamwonyesha Twiga kwa kidole, wala hakufikiri.

Uso wa Twiga ulivyolegea! Nilimhurumia. Kutangazwa hadharani kwamba huna umuhimu!

Jumamosi, 18 Mei

Twiga ameondoka. Alikuwa mchangamfu mno kwa mtu aliyeaibishwa. Alifunga begi lake kabla jua halijachomoza na akanikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliniambia Injinia, Mungu akuzidishie maarifa yako hayohayo.

Kwa kuwa anapita kwetu, nimempa viatu vya mtoto ampelekee. Nimekisia saizi kwa kiganja changu. Nimemwonya asikae sana, akabidhi aondoke, na asimbebe mtoto juu juu maana yeye ni mrefu mno, mtoto atashtuka. Ameahidi. Alikuwa anatabasamu.

Nimempigia mke wangu kumpa habari njema: kwamba mimi ndiye mtu wa pekee asiyeweza kukosekana shamba zima, na Bi Mkubwa mwenyewe amesema. Nilisikia sufuria ikifunikwa. Kisha akaniuliza huyo Twiga ni mtu anayependa watoto. Nikamwambia anapenda sana, anajua hata kuwachekesha. Akasema, basi vizuri, mtoto afungue mlango akute mtu. Akakata simu kwa sababu ya jiko. Nafikiri alikuwa anajivunia mpaka maneno yamemwishia.

Mchana nimeshapiga vigingi mpaka kwenye mfereji. Safari hii nimeanzia masandukuni tena, maana nimeona kule kuanzia mwisho kulinichelewesha. Nyuki wamenipita juu ya upara wakaenda kwenye maua fulani meupe kwa jirani. Hawajaijua kamba yangu bado. Wataijua.

Ni kazi ya wiki moja. Kwa hiyo nitafika nyumbani Jumamosi ijayo, jioni, na nimeshawaambia wanisubiri. Hakuna kinachoweza kuzuia, labda yale maboga ya Bi Mkubwa kule mlimani, ambayo nayo nasikia hayashiki. Maana leo alipokuwa anapanda gari nimemkimbilia dirishani nikamwambia hata maboga naweza.